Nani Ahakiki Bao? Kusoma Pambano katika Baraza za Kariakoo

Utangulizi

Nilipomwambia mwenzangu mmoja wa darasani kwamba makala yangu ya safari hii itahusu bao, alicheka. "Fasihi iko wapi hapo?" akaniuliza. "Bao ni la wazee waliostaafu. Andika juu ya riwaya, bwana." Siku ile sikumjibu kwa sababu sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na nakiri tangu mwanzo kwamba halijakamilika.

Hoja zangu ni tatu. Kwanza, pambano la bao baina ya mabingwa linasomeka na kuhakikiwa kama isomwavyo kazi yoyote ya fasihi simulizi. Pili, uhakiki wa namna hiyo umekuwa ukifanyika barazani Kariakoo miaka mingi kabla mimi na wewe hatujafundishwa neno "uhakiki". Tatu, uhakiki huo unapotea kila jua linapotua, kwa kuwa hakuna anayeandika pambano lenyewe likabaki. Katika hoja hii ya tatu nitalazimika kutoka Kariakoo kidogo na kuwatazama vijana wanaopiganisha mazimwi ya kwenye kioo, maana wenzetu hao wametutangulia.

Kariakoo, mji wa kushindana

Jina la Kariakoo, kama wengi tujuavyo, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita sehemu hiyo ikawa mji wa Waafrika, wenye mitaa iliyonyooka na nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma, na baraza mbele. Hebu msomaji aishike hiyo baraza akilini, kwa sababu baadaye tutairudia. Baraza si ya ndani wala ya nje. Mpita njia anaweza kukaa bila kualikwa, akasalimu, akapewa kahawa, akatia neno.

Watu wa mji huu wamekuwa wakishindana mbele ya watazamaji tangu zamani. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya ngoma ya beni, anaeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyopimana nguvu katika miji ya Afrika Mashariki, Dar es Salaam ikiwemo, kwa mavazi, kwa tarumbeta na kwa maneno. Yanga ikaanzishwa 1935 na Simba 1936, na mpaka leo Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Jangwani ni majina ya kambi mbili kabla hayajawa majina ya njia. Bendi za Msondo na Sikinde zikagawana mashabiki wa dansi. Miaka ya 1990 taarabu nayo ikawa uwanja wa mapambano, TOT huku na Muungano kule, na watu wakalipa kiingilio kwenda kusikia nani kapashwa.

Kuna jambo moja linaloyaunganisha mashindano haya yote. Hadhira ndiyo hakimu. Hakuna aliyemsubiri mtaalamu wa kutoka mbali aje aseme beni ipi imeshinda au mpasho upi umechoma. Watu walibishana usiku kucha, wakatoa sababu, wakakumbushana mifano ya zamani. Huo, kwa maoni yangu, ni uhakiki. Hata hivyo mashindano hayo yameacha alama. Beni imo katika kumbukumbu za serikali ya kikoloni, mpira umo magazetini, taarabu na dansi vimo kwenye kanda. Bao lilichezwa mitaa hiyo hiyo, na watu wa mji ule ule, lakini tukiuliza ni pambano gani kubwa lililochezwa Kariakoo mwaka 1950, na lilichezwaje hatua kwa hatua, hatuna mahali pa kufungua tukasoma.

Nikiri pia kasoro moja ya habari hii. Baraza ya bao ni ya wanaume. Wanawake wa mji huu walikuwa na lelemama na taarabu, nako walishindana vikali, lakini mbele ya bao wengi wao walipita tu. Mhakiki anayesifu baraza bila kulisema hilo atakuwa amesifu nusu ya mji.

Lugha ya ubao

Kabla ya kulisoma pambano hatuna budi kuijua lugha yake. Ubao wa bao la Kiswahili una safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32. Kila mchezaji anamiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Kete ni 64, kwa kawaida komwe. Mchezo unapoanza kila mmoja huwa na kete 10 tu ubaoni, yaani 6 katika shimo liitwalo nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya kulia kwake. Kete 22 zilizobaki huwa mkononi, na huingizwa moja moja kila zamu. Sehemu hiyo ya kwanza ndiyo kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huingia sehemu ya pili, mtaji.

Kula ni hivi: kete yako ikiingia katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete pia, unazichukua zote zilizomo mle. Unazisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani shimo la pembeni la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia penye kete, unaendelea: kama mbele yake pana cha kula unakula, kama hapana unainua zile ulizozikuta na kuzisambaza tena. Ikiangukia patupu, umelala, zamu imekwisha. Asiyeweza kula hutakata, yaani husogeza kete zake bila kugusa za mwenziwe. Mwenye safu ya mbele tupu ameshindwa.

Sasa tazama maneno yenyewe. Nyumba, kulala, kusafiri, kula, mtaji, kutakata. Hii ni msamiati wa mtu wa pwani mwenye biashara. Ana nyumba yake yenye akiba, ana mtaji wa kuzungusha, anaamua alale au asafiri. Anayeshindwa kula hasemwi kwamba amekwama; amebaki safi, ametakata. Mtu angeweza kuuita mchezo huu vita, na wengi wameuita hivyo, lakini ukisikiliza istilahi zake utaona ni hadithi ya kaya mbili zinazokabiliana kwenye uchochoro mwembamba. Haishangazi basi kwamba umekaa vizuri Kariakoo, ambako neno mtaji husemwa kila saa na kila mtu, kuanzia muuza ndala hadi mwenye ghorofa.

Kuna sheria mbili ambazo nataka msomaji azikumbuke. Ya kwanza: ukiweza kula, lazima ule. Unaweza kuchagua wapi kama nafasi ziko zaidi ya moja, lakini huwezi kukataa. Ya pili: katika kunamua, kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yako na mbele yake hapana cha kula, una hiari. Unaweza kulala hapo, nyumba ikabaki na akiba yake, au ukasafiri, yaani ukazoa kete zote za nyumba na kuzisambaza. Sheria ya kwanza inamnyima mchezaji uhuru, na ya pili inampa. Pambano nitakalolieleza lilichezwa baina ya hizo mbili.

Pambano moja

Ilikuwa Jumapili jioni, kwenye baraza moja karibu na Mtaa wa Narung'ombe, mojawapo ya nyumba za Kiswahili zilizobaki. Majina ya wachezaji sitayataja. Mmoja alivaa koti la kijivu ingawa joto lilikuwa kali. Mwingine alikuwa na baraghashia. Nitawaita kwa mavazi yao. Niliposalimu, "Shikamooni wazee," wote wawili waliitikia "Marahaba" bila kuinua macho. Watazamaji tulikuwa kama kumi, muuza kahawa akiwemo.

Walikuwa katikati ya kunamua. Mzee wa baraghashia akaweka kete, akala, akasambaza, akaendelea mzunguko mmoja na nusu, na ya mwisho ikadondoka kwenye nyumba yake. Mbele yake palikuwa patupu. Nyumba ilikuwa imenona, rundo kubwa. Baraza yote ikalipuka: "Safiri! Safiri mzee, unangoja nini?" Yule aliyekaa karibu nami aligonga paja lake kwa hasira. Mzee wa baraghashia akanywa kahawa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimelala."

Kwa mtazamaji kama mimi, huo ulikuwa uoga. Mambo yaliyofuata ndiyo yaliyonifunza kusoma.

Ilikuwa zamu ya mzee wa koti. Tuyahesabu mashimo yake ya mbele 1 mpaka 8 kutoka kushoto kwake. Nyumba yake ni la 5. Ubao mzima ulikuwa umebaki na mahali pamoja tu pa yeye kula: shimo lake la 7, ambalo lilitazamana na kete moja, peke yake, ya mzee wa baraghashia. Kote kwingine aidha kwake palikuwa patupu au kwa mpinzani palikuwa patupu. Sheria ni sheria. Akaweka kete katika la 7, akaila ile moja. Kwa kuwa ameila pembeni kulia, alilazimika kuanzia kichwa cha kulia, shimo la 8. Humo mlikuwa na kete 2. Ikawa ya 3. Mbele yake patupu. Akainua zote tatu, akasambaza kuelekea kushoto: la 7, la 6, na ya mwisho ikaingia la 5. Nyumbani kwake.

Mbele ya nyumba hiyo napo palikuwa patupu. Swali lile lile alilojibu mwenziwe dakika chache zilizopita sasa likawa lake. Alale au asafiri? Baraza ikapiga kelele zile zile. Mzee wa koti hakunywa kahawa. Alisafiri.

Zilikuwa kete 12. Nne zikaingia mashimo ya 4, 3, 2 na 1. Nane zikapinda kwenda safu ya nyuma, moja moja, na ya mwisho ikafika shimo la mwisho kabisa la nyuma, upande wa kulia. Lilikuwa tupu. Amelala. Akiba yote ya nyumba imetawanyika, na theluthi mbili yake imekwenda nyuma. Kete za nyuma haziliwi, hilo ni kweli. Lakini katika kunamua huwezi kuanzia huko. Zipo, ila hazisemi.

Zaidi ya hapo, ile kete iliyoingia shimo la 4 sasa ilitazamana na nyumba ya mzee wa baraghashia, ile aliyokataa kuivunja. Mzee akaweka kete moja juu ya rundo lake, akala ile ya mbele yake, akaanza kusambaza. Akala tena, na tena. Safu ya mbele ya koti ikabaki kama soko saa tatu usiku. Baada ya zamu chache kwisha habari yake.

Kulisoma pambano

Katika makala yake ya 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika Mulika, M. M. Mulokozi alitufundisha kwamba fasihi simulizi ni tukio. Ili kulielewa tukio hilo hatuna budi kumtazama fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali, na wakati. Nauliza: ni kipi kati ya hivyo kilichokosekana barazani siku ile?

Fanani walikuwa wawili. Fani ina kanuni zake, na bingwa hutambulikana kwa namna anavyozitumia. Hadhira haikukaa kimya. Ilisukuma, ilikebehi, ilidai. Mahali palikuwa baraza, na baraza ndiyo iliyoruhusu mpita njia kuwa mhakiki. Mtu atasema kinachokosekana ni neno. Lakini tumeshaona kwamba kila tendo la bao lina neno lake, na kwamba mzee yule alisema neno moja tu, "nimelala", na neno hilo likageuza mchezo. Waigizaji wangapi wa jukwaani wanaweza kujivunia hilo?

Tukichukua vipengele tunavyovizoea, taharuki ya pambano ilijengwa kwa kuahirisha. Kete moja iliyoachwa peke yake pembeni ilikuwa chambo, na mzee wa baraghashia alilala ili isisogee kutoka pale. Kejeli yake iko wazi: mzee wa koti aliangushwa na kula kwake mwenyewe. Sheria inayomlazimisha mtu kula ndiyo iliyomfikisha kwenye mlango wa nyumba yake. Lakini hapo mlangoni sheria iliishia. Kuvunja nyumba hakulazimishwa. Katika daftari langu nikaandika pembeni neno moja, nikalipigia mstari: tamaa. Nikaona nimepata dhamira. Mwenye tamaa alikataa kulala, mwenye subira akamla. Nilikwenda nyumbani nimefurahi kama mtu aliyemaliza swali la mtihani kabla ya muda.

Kindi wa Washington

Nilipokuwa naandika rasimu ya kwanza, mdogo wangu alikuwa kando yangu na simu, anatazama mapambano ya Pokémon. Huu ni mchezo wa video wa Kijapani ulioanza 1996 kwenye mashine ndogo za mkononi za Nintendo. Mchezaji hukusanya viumbe, wengine kama wanyama, wengine mazimwi hasa, na kuwapiganisha. Mashindano yake ya dunia huvuta mabingwa wa nchi nyingi, na mapambano hurekodiwa. Nilikuwa namdharau. Siku ile nikamwambia, "Dogo, hebu nionyeshe pambano moja la maana."

Akanionyesha la 2014, Washington. Sejun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia mwaka huo akiwa na Pachirisu, kindi mdogo wa umeme ambaye wachezaji wengi hawakumdhania kuwa wa ngazi hiyo. Katika mashindano hayo kila mchezaji huja na viumbe sita, huchagua wanne, na wawili wawili huwa uwanjani kwa wakati mmoja. Kindi huyu ana mbinu moja ambayo tunaweza kuiita "nifuate": akiitumia, mashambulizi ambayo yangempiga mwenziwe mmoja humgeukia yeye. Kando yake Park alikuwa na Gyarados, joka la maji lenye nguvu sana ila linaloumizwa vibaya na umeme. Mpinzani akilenga umeme kwa joka, umeme unavutwa na kindi, na kindi huyu, kwa maumbile yake, umeme humrudishia afya badala ya kumuumiza.

Nikamrudisha mdogo wangu nyuma mara tatu. Niliiona kete moja ya pembeni. Kindi ni chambo. Mpinzani anajua anachotaka kupiga, lakini pigo lake linakwenda mahali pengine. Ustadi wa juu, huku na kule, ni kumfanya mwenzako akutumikie kwa tendo lake mwenyewe.

Tofauti zipo, na sitaki kuzifunika. Katika Pokémon wachezaji wote wawili huchagua kwa siri, kisha machaguo yao hutendeka katika duru moja. Kwa hiyo bingwa husoma moyo wa mtu na kubahatisha. Katika bao kila kitu kiko wazi juani. Hakuna karata iliyofichwa. Kinachofichwa ni hesabu tu, na hiyo imefichwa kichwani. Lakini tofauti iliyoniuma ni nyingine. Pambano la Washington mdogo wangu, aliyezaliwa Ilala, analirudisha nyuma kwa kidole na kulijadili na wenziwe, miaka zaidi ya kumi baadaye. Wanabishana: kwa nini alichagua hivi, angechagua vile ingekuwaje? Wamejenga uhakiki kwa sababu wana matini. Sisi tuna mchezo wenye kina kikubwa, tuna wahakiki kila baraza, na matini hufutwa mchezaji anapopanga kete upya.

Maandishi machache tuliyonayo

Si kwamba bao halijawahi kuandikwa kabisa. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzoni mwa karne ya 19, ana shairi juu ya bao. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa mdomo na kwa jitihada za wakusanyaji, yakachapishwa na William Hichens mwaka 1940 katika Diwani ya Muyaka. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alilichambua shairi hilo mwaka 2003 kama ushahidi wa historia ya mchezo wenyewe. Fikiria maana yake: ili kujua bao lilikuwaje miaka 200 iliyopita, mwanahistoria amelazimika kwenda kwa mshairi. Mwenzangu aliyeniuliza fasihi iko wapi hapo, nadhani amejibiwa na Muyaka.

De Voogt huyo huyo alikuwa ameandika tasnifu Leiden, 1995, juu ya ubingwa wa bao, akiwafuata mabingwa wa Zanzibar na kuuliza akili yao hufanyaje kazi. Kazi ya aina hiyo haiwezekani bila kuandika hatua za mchezo kwa utaratibu. Namshukuru, lakini najiuliza kwa nini sisi tuliozaliwa hatua mia kutoka barazani tusubiri. Tuna picha za Mwalimu Nyerere akicheza bao. Tunajua alilipenda. Picha inatuonyesha mkono wake juu ya ubao. Haituambii alikuwa mchezaji wa kulala au wa kusafiri. Nani asiyetaka kujua?

Na wakati haungoji. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa ya maduka. Soko lenyewe, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975, liliungua Julai 2021, na tukaona jinsi kitu tulichokidhania cha kudumu kinavyoweza kuondoka kwa usiku mmoja. Ghorofa halina baraza. Lina ngazi, lina mlinzi, na anayekaa mlangoni bila kununua huambiwa asogee. Wazee wa bao wanahama Mbagala na Gongo la Mboto kwa watoto wao, kila mmoja na kumbukumbu zake. Pambano halihitaji baraza ili lichezwe, lakini uhakiki wa kariakoo ulihitaji mahali ambapo asiyealikwa anaweza kukaa.

Daftari

Wiki iliyofuata nilirudi na daftari langu. Nilikuwa nimeliandika pambano kwa alama nilizozibuni: mbele 1 mpaka 8, nyuma 1 mpaka 8, K kwa kula, L kwa kulala, S kwa kusafiri, T kwa kutakata. Mzee wa koti alikuwa peke yake, anasubiri wenzake. Nikamwomba aangalie.

Akavaa miwani. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Hapa sawa. Hapa sawa. Hapa umekosea, hii haikuwa mbili, ilikuwa tatu." Alikuwa anasahihisha pambano la siku saba zilizopita kutoka kichwani, pambano aliloshindwa. Kisha kidole kikafika pembeni.

"Umeandika nini hapa?"

"Tamaa, mzee."

"Tamaa ya nani?"

Nikanyamaza. Akavua miwani.

"Tamaa gani, mwanangu? Hiyo ni hesabu. Nilijua kete ya pembeni ni chambo, mtoto mdogo anajua. Nilipofika nyumbani nilihesabu kumi na moja. Kumi na moja zinaishia nyuma, shimo la 7, ambamo nilikuwa na mbili. Nainua tatu, narudi mbele, nafika la 7 pale. Nainua nne, zinanipeleka la 3, na pale nakula. Ningemmaliza. Zilikuwa kumi na mbili. Ile iliyodondoka mwisho nikasahau kuihesabu."

Nilipofika chumbani nilipanga kete upya nikafuata maneno yake. Ilikuwa kweli. Kwa kete 11 safari ile inarudi mbele na kula. Kwa kete 12 inalala. Mzee alisafiri kwa mpango, akakosea kwa kete moja, nayo ilikuwa ile iliyomfikisha pale. Dhamira yangu nzuri ya tamaa na subira niliitoa mfukoni mwangu nikaibandika juu ya mtu ambaye alikuwa anafikiri hatua nne mbele yangu.

Hitimisho

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maandishi yana maana. Bila daftari, makosa yangu yangebaki salama. Ningehadithia pambano la mzee mwenye tamaa, wasikilizaji wangetikisa vichwa, na mzee wa koti angeingia katika kumbukumbu ya mtaa kama mlafi. Maandishi ndiyo yaliyompa nafasi ya kunijibu. Tunapenda kusema kwamba mhakiki haulizi nia ya mwandishi. Sina ugomvi na kanuni hiyo katika riwaya. Lakini barazani fanani yuko hai, ana miwani, na anakumbuka. Kutomuuliza ni uvivu.

Napendekeza basi jambo dogo. Kila mwenzetu anayepita Kariakoo, Ilala, Magomeni au kwao popote, akae kwenye baraza moja na kuandika pambano moja, mwanzo mpaka mwisho, kisha awarudie wachezaji wote wawili na kuwasomea. Alama nilizotumia ni za kienyeji na zinaweza kuboreshwa. Mapambano ishirini yakipatikana, tutakuwa na kitu cha kuhakiki. Mia yakipatikana, mwanafunzi wa miaka 50 ijayo hatalazimika kubahatisha kama mimi.

Mimi nimeanza. Katika daftari nimefuta neno lile la pembeni, nikaandika: 12, si 11. Mzee wa baraghashia bado sijamsomea. Kwa nini alilala siku ile, na alihesabu mpaka wapi, nitajua Jumapili.